Mapenzi Peke Yake Hayaangushi Mila

All That Heaven Allows, filamu ya Marekani iliyotoka mwaka 1955, ni kisa cha mjane anayeitwa Cary Scott. Ana nyumba kubwa, watoto wawili waliokwisha kuwa watu wazima, na nafasi ya heshima katika mji mdogo wa Stoningham, huko New England. Anampenda Ron Kirby, mwanamume anayekuja kumpogolea miti. Ron ni mdogo kwake kwa umri, hana habari na klabu ya wenye nazo, na kazi aitakayo ni kuotesha miche na kukuza miti. Mwongozaji ni Douglas Sirk. Jane Wyman ndiye Cary na Rock Hudson ndiye Ron; mwaka mmoja kabla, wawili hao walikuwa wamewaliza watazamaji katika Magnificent Obsession, nayo studio ya Universal ikawarudisha pamoja upesi.

Filamu hii husimuliwa kama ushahidi wa imani moja iliyoenea popote penye hadithi za mapenzi: kwamba penzi likiwa la kweli, hakuna mila wala desturi inayoweza kulizuia. Wapenzi wanatenganishwa, wanateseka, mwisho wanakutana. Basi mapenzi yameshinda. Imani hiyo ni ya uongo, na filamu yenyewe, ikitazamwa kwa utulivu, inaikana karibu katika kila onyesho. Tena ni imani yenye madhara. Inaivua jamii lawama yote na kuwatwika watu wawili mzigo ambao watu wawili hawawezi kuubeba.

Sirk alikuwa na sababu zake za kutoamini kwamba moyo unatosha. Alizaliwa Hamburg mwaka 1897, akiitwa Hans Detlef Sierck, akapata jina katika tamthilia na sinema za Ujerumani. Mke wake wa pili, Hilde Jary, alikuwa Myahudi, na mwaka 1937 Sirk aliondoka nchini. Nyuma alimwacha mwanawe wa kiume aliyezaa na mke wa kwanza, mwanamke mfuasi wa Wanazi. Alizuiwa kumwona. Kijana huyo akawa mwigizaji katika sinema za Ujerumani, na baba aliweza kumtazama kwenye pazia la sinema tu, mpaka mwana alipouawa vitani mwaka 1944. Mapenzi ya baba huyo hayakuwa na kasoro. Kilichokosekana ni sheria ya kumlinda na serikali isiyowachukia watu kwa damu yao.

Katika Stoningham hakuna serikali ya kikatili, na hapo ndipo filamu inapokuwa kali zaidi. Mila huko haina sura ya mtu mwovu. Inavaa vizuri, inashika glasi ya kinywaji na kuongea kwa upole. Sara, rafiki wa Cary, anaandaa karamu kwa nia njema ili wenzake wamzoee Ron. Hakuna anayemfukuza mgeni. Wanamkodolea macho, wanamuuliza maswali yenye miiba ndani, na Mona Plash, fundi wa umbea, anatia maneno yake. Kisha Howard, mume wa mtu, ambaye siku za nyuma alimshika Cary kwa nguvu klabuni akitaka kumbusu, anamsogelea tena, safari hii kwa dharau ya wazi, kana kwamba mwanamke aliyemkubali mpogoa miti amejitoa kwa kila mwenye kutaka. Ron anamvuta Howard kando. Papo hapo lawama inamwangukia Ron: mshamba, mgomvi, mharibifu wa karamu.

Ikumbukwe kwamba mji huohuo haumkatazi Cary kuolewa tena. Yupo Harvey, mwanamume wa makamo mwenye kulalamikia afya yake kila mara, anayemposa Cary na kumwahidi usuhuba na utulivu, si zaidi. Wote wanaliafiki hilo, watoto wakiwa wa kwanza. Kinachokatazwa ni mjane kumtaka mwanamume kwa hiari yake, na kumtaka mtu wa tabaka la chini. Mila inalinda mpangilio wa nyumba, mali na majina, na ndoa isiyovuruga mpangilio huo inapigiwa makofi hata ikiwa haina chembe ya mapenzi. Anayeamini kwamba vita katika visa vya namna hii ni kati ya mapenzi na chuki hajakiona kinachopiganiwa.

Watoto ndio wanaomwangusha mama yao, wala hawahitaji ukatili kufanya hivyo. Ned anatetea nyumba ya marehemu baba yake na kumwambia mama kwamba akiolewa na Ron yeye hataikanyaga nyumba yao. Kay ni msomi, mwingi wa nadharia za saikolojia. Mwanzoni mwa filamu anamweleza mama yake kile anachokiita desturi ya Wamisri wa kale ya kumfungia mjane kaburini pamoja na mali nyingine za mumewe, akiwa na hakika kwamba desturi hiyo imekwisha zamani. Haupiti muda, yeye na kaka yake ndio wanaopanga matofali. Inavuma mjini kwamba uhusiano wa Cary na Ron ulianza wakati baba yu hai, Kay anarudi nyumbani analia kwa aibu, na machozi hayo yanamaliza kazi ambayo hoja za Ned hazikuimaliza. Cary anakwenda kumwambia Ron wasubiri. Ron hakubali kusubiri, wala hakubali kuishi katika nyumba ya mume wa kwanza, na uchumba unavunjika.

Penzi la Cary siku hiyo halikuwa pungufu kuliko la juzi yake. Lilikuwa kamili, na likashindwa na kilio cha binti mmoja. Wanaotaka filamu iwe wimbo wa ushindi wa mapenzi hulipita onyesho hili haraka, ilhali ndilo lenye uzito wote.

Kisha inafika Krismasi. Kay anatangaza uchumba wake, karibu aolewe. Ned anapanga safari ya ng'ambo na kuona sasa kwamba nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja, afadhali iuzwe. Nyumba ileile aliyoitetea kama patakatifu. Hawakuwa wakidanganya walipomzuia mama yao. Walikuwa na haja ya mama asiyebadilika kwa muda ule, na haja ilipokwisha, na msimamo ukaisha. Zawadi yao inaletwa na muuzaji: televisheni iliyofungwa utepe mwekundu. Muuzaji anasifu jinsi mtu anavyozungusha kitufe tu na kupata wenzake wote anaowataka. Televisheni haijawashwa. Kamera inasogea taratibu kwenye kioo chake cheusi, mpaka uso wa Cary unaonekana umekaa ndani ya fremu ya mbao, na mwanga wa mapambo ya Krismasi ukimzunguka. Hollywood ya miaka hiyo ilikuwa ikinyang'anywa watazamaji na televisheni, na huenda onyesho hili lina uchungu wa kibiashara ndani yake. Hata hivyo, hakuna picha katika sinema za mapenzi za wakati huo inayoeleza vizuri zaidi mahali ambapo mjane mtiifu huwekwa.

Ni nini basi kinachowarudisha pamoja? Watoto wameondoka. Umbea umehamia kwa wengine. Daktari wa Cary, anayeulizwa juu ya maumivu ya kichwa yasiyokwisha, hamkuti na ugonjwa wowote na anamweleza waziwazi kwamba anajiadhibu mwenyewe. Cary anaendesha gari hadi kwa Ron, anafika, anasita, anageuka. Ron anamwona kutoka juu ya genge, anakimbia huku akimwita, anateleza na kuanguka kwenye theluji. Inabidi mwanamume alale hajitambui ndipo mwanamke apate ruhusa ya kukaa kando yake, na hapo anakaa kama muuguzi, nafasi ambayo hakuna mila inayomnyima mwanamke. Kulungu anakuja dirishani, muziki unapanda, filamu inakwisha. Hakuna onyesho ambalo Mona anaomba radhi, wala Howard, wala klabu. Stoningham haijabadilika hata kidogo.

Wapo watakaojibu kwamba hayo si kitu, maadamu wawili hao wamekuwa pamoja. Jibu hilo linasahau mahali walipo. Wapo katika kinu cha kale ambacho Ron amekikarabati, nje ya mji, na wana watu wa kuwazunguka: Mick na mkewe Alida, waliokwisha kuyakataa maisha ya mashindano ya fedha, na majirani wa kawaida wanaokula na kucheza nao bila kumuuliza mtu cheo chake. Bila paa hilo na watu hao, Cary asingekuwa na pa kwenda. Msomaji wa Kiswahili analijua jambo hili kutoka Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza, anaikimbia ndoa hiyo na kukataliwa na jamaa zake huko Unguja. Linalomwokoa kwanza ni makazi kwa rafiki yake, Mwajuma. Penzi la mwanamume aitwaye Denge linakuja baadaye, na halidumu, kwa kuwa Denge anaandamwa na serikali ya kikoloni kwa siasa zake. Mwajuma hutajwa kama mhusika wa pembeni, rafiki mchangamfu. Bila yeye hakuna riwaya.

Aliyelielewa vizuri zaidi somo la Sirk ni Rainer Werner Fassbinder wa Ujerumani, aliyeandika makala ndefu kumhusu mwaka 1971 na mwaka 1974 akatoa filamu yake, Angst essen Seele auf. Emmi, mjane mzee anayefanya usafi majumbani na maofisini mjini München, anaolewa na Ali, kibarua kutoka Moroko aliye mdogo kwake kwa miaka mingi. Anapowaonyesha watoto wake mume mpya, mmoja wao anaipiga teke televisheni hadi inapasuka. Muuza duka anakataa kumhudumia Ali. Majirani wanawatenga. Wanandoa wanakwenda likizo, wakirudi wanakuta kila mtu ni mwema: muuza duka anahitaji wateja, mtoto anahitaji wa kumlelea mwanawe, jirani anahitaji nafasi ya kuwekea vitu vyake. Uzuio umelegea kwa sababu ya haja. Hakuna aliyeguswa moyo na penzi la wawili hao. Kwa kukubaliwa huko Emmi mwenyewe anaanza kumwonyesha Ali kwa wenzake kama kitu, waguse misuli yake, na anakataa kumpikia kuskusi. Ali anaanguka kwa vidonda vya tumbo, na daktari anasema ugonjwa huo huwapata sana vibarua wa kigeni na utarudi tena. Emmi anaapa kumtunza. Kiapo ni cha kweli, na hakina dawa ya kidonda.

Mwaka 2002 Todd Haynes aliirudia hadithi ya Sirk katika Far from Heaven, akaiweka Hartford, Connecticut, mwaka 1957. Mtunza bustani, Raymond, ni mtu mweusi, na Cathy ni mke wa nyumbani wa Kizungu. Kwao hata uchumba haufikiwi. Kuonekana wakizungumza kunatosha. Cathy anapoteza marafiki. Binti mdogo wa Raymond anapigwa mawe na wavulana wa Kizungu, nyumba yao nayo inavurumishiwa mawe na majirani weusi, biashara inakufa, na baba anamchukua mtoto wake kwenda Baltimore. Gharama hazigawanywi sawa: aliye chini hulipa mara mbili, tena hulipishwa hata mtoto wake asiyehusika. Kumwambia Raymond kwamba angependa zaidi angeshinda ni kumtukana.

Na tusi hilo ndilo linalotolewa kila siku na wanaoishika imani hii. Wawili wakiachana kwa sababu ya kabila, dini, rangi au umri, huambiwa kwamba penzi lao halikuwa la kweli, kwa kuwa la kweli hushinda. Cary huitwa mwoga na watazamaji wengi kwa siku ile aliyomwacha Ron. Hao hawamuulizi Ned kitu, wala Kay, wala Mona, wala wageni waliokuwa sebuleni kwa Sara na kusikia mwanamke akivunjiwa heshima, kisha wakamgeukia aliyemtetea.