Kivuli Hakina Hati

Mjini Unguja limezagaa neno ambalo kila anunuaye kiwanja hulitamka bila ya kulifikiri: kusafisha. Kiwanja hununuliwa asubuhi, jioni kimeshasafishwa. Na kilichosafishwa si taka wala magugu. Ni mwembe uliomkuta babu wa muuzaji, ni mfenesi uliolisha mtaa, ni minazi iliyokuwa haijakoma kuzaa. Lugha ikishakubali kuuita mti uchafu, msumeno hauna tena haja ya kujitetea.

Hoja ya wakataji ni fupi, na kwa ufupi wake huonekana haina jibu: ardhi ni yangu, nimeilipia, na kilichosimama juu yake ni changu. Jibu lipo, tena ni la kale kuliko hoja yenyewe. Mila ya visiwa hivi haikupata kuamini kwamba mwenye ardhi ndiye lazima awe mwenye mti. Mtu aliweza kumiliki miti iliyosimama katika ardhi ya mwenziwe; mnazi uliweza kuwekwa wakfu ukatunza msikiti, ilhali udongo wake una mwenyewe mwengine. Wala mila hiyo haikuzikwa na wazee. Sheria ya Ardhi ya Zanzibar ya 1992 yenyewe inatambua kwamba miti yaweza kumilikiwa mbali na ardhi, na sheria hiyohiyo inaihesabu ardhi kuwa mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais. Anayejigamba kwa hati yake, basi, ameshika haki ya kutumia, hakushika ufalme.

Tazama pia Mji Mkongwe, uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mwenye nyumba humo haruhusiwi kubomoa ukuta au kung'oa mlango wa nakshi kwa sababu tu nyumba ni yake. Sharti apate kwanza ridhaa ya Mamlaka ya Hifadhi. Hakuna mwenye akili anayeiita hiyo dhuluma, kwa kuwa wote wanaelewa kwamba uzuri wa mlango ule ni wa njia nzima. Lakini mlango, kwa nakshi zake zote, ni mti uliokufa. Kwa hoja gani basi mti uliokufa ulindwe kwa sheria, na ulio hai uachiwe matakwa ya aliyeununua jana?

Shina limo ndani ya ukuta wa mtu mmoja, ila kivuli huruka ukuta kikaangukia njia, dirisha la jirani, na meza ya muuza maandazi. Majani hutoa unyevu unaopoza hewa ya mtaa; mizizi huulegeza udongo ili mvua ya masika ipate pa kuzama. Aking'oa mti na kusakafia uwanja mzima, mwenye kiwanja hubaki mkavu, na maji humfuata aliye bondeni. Mchuma janga hula na wa kwao. Huyu hata hali, huwaachia wengine sahani nzima.

Haja ya makaazi haikanushiki. Sensa ya 2012 iliwakuta Mjini Magharibi watu 593,678. Ya 2022 iliwakuta 893,169. Karibu watu laki tatu waliongezeka katika miaka kumi, na mji umewafuata mashambani, hata kwenye eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Hiyo ndiyo sababu miti mingi ya mji unaokua haimo katika bustani za serikali, bali katika viwanja vya watu. Isipolindwa humo, hakuna pengine pa kuilindia.

Ni kweli pia kwamba mti una gharama. Tawi huvunja mabati, mizizi hupasua msingi na karo, na kupogoa mwembe mkubwa ni kazi ya fundi mwenye kamba na ujira wake. Kumtwisha mjane mti unaofaidisha mtaa mzima, kisha akaambiwa alipe peke yake, ni dhuluma iliyo wazi. Lakini kilio hicho cha mnyonge kimeazimwa na wasio wanyonge. Wajengao maghorofa ya kupangisha hukata kila kilichopo, kisha wakanunua mitende ya vyungu wakaipanga langoni, wakaiita mandhari. Wakibanwa sana huahidi kupanda mche kwa kila mti. Hesabu hiyo ni sahihi vidoleni tu: mche hauna kivuli cha mwembe, na mtoto atakayeukalia chini bado hajazaliwa.

Singapore ni kisiwa, ni mji, na jua lake ni kali kama la Unguja. Ardhi yake ni ghali kupita kiasi. Hata hivyo sheria yake ya 2005 inakataza, ndani ya maeneo ya hifadhi ya miti, kukata bila ruhusa mti wenye mzingo unaozidi mita 1, hata ukiwa katika kiwanja cha mtu binafsi. Zanzibar haihitaji kuinakili. Ina masheha wanaoijua kila nyumba: na waiandikishe miti mikubwa ya shehia zao. Mchoro wa nyumba usipitishwe mpaka uonyeshe miti iliyopo na sababu ya kila mmoja unaotakiwa kuondoka. Manispaa ilipie upogoaji kwa asiye na uwezo, maana kivuli ni cha wote. Na anayekata pasi na dharura atozwe kwa ukubwa wa kivuli alichokiondoa. Asipokewe miche kuwa fidia kamili.

Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembeshauri, Miembeni, Mikunguni, Michenzani: mji huu ulijiita kwa miti yake kabla ya kupewa ramani. Wazee waliokaa Mwembeshauri kushauriana hawakuuliza kwanza mwembe ni wa nani. Mji wa leo unaweza kuuliza, na ni haki yake; ila ukishajibiwa, uulize la pili: kivuli je?