Taasisi zigawane kazi, mgonjwa asizungushwe

Jioni moja jirani yangu alinigongea mlango, mtoto wa miezi minane mgongoni na tyubu ya krimu mkononi. Mtoto alikuwa na vipele shingoni. Krimu aliinunua duka la vipodozi, vipele vikakauka ndani ya siku tatu, kisha vikarudi kwa kasi na ngozi ikawa nyekundu na nyembamba. Nilimshauri aache kuipaka na asubuhi ampeleke mtoto zahanati, na tyubu aende nayo. Swali lake la pili ndilo lililonikwamisha: "Hii krimu nikairipoti wapi, isije ikamuumiza na mtoto wa mwenzangu?"

Miaka michache nyuma ningemjibu bila kufikiri: TFDA. Mamlaka ya Chakula na Dawa ilisimamia vyote vitatu, yaani chakula, dawa na vipodozi. Kuanzia Julai 1, 2019, kupitia marekebisho ya Sheria ya Fedha ya mwaka huo, chakula na vipodozi vilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Iliyobaki ikaitwa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Sababu ya mabadiliko hayo ilikuwa ya msingi. Wafanyabiashara walilalamika kwa muda mrefu kwamba bidhaa moja inakaguliwa na wakaguzi wa taasisi mbili na kulipiwa ada mara mbili. Msindikaji mdogo wa unga wa lishe alihangaika TFDA, kisha akahangaika tena TBS. Gharama hiyo mwisho wake ilikuja kwako wewe mzazi, kwenye bei ya pakiti. Mpango wa Serikali wa kuboresha mazingira ya biashara wa mwaka 2018 ulitaka mwingiliano wa aina hiyo uondolewe. Hata TFDA yenyewe ilizaliwa mwaka 2003 kwa kuunganisha chombo kilichosimamia chakula na kile kilichosimamia dawa. Kuunganisha na kutenganisha si dhambi.

Hoja yangu ni nyingine. Mabadiliko haya tunayapima kwa upande wa mwenye bidhaa: amepunguziwa vibali vingapi, amelipa ada kiasi gani. Nani anayapima kwa upande wa mgonjwa?

Turudi kwenye tyubu ya jirani yangu. Kama ndani yake kuna zebaki au haidrokwinoni, ni kipodozi kilichopigwa marufuku, na hilo ni la TBS. Kama kuna dawa kali ya jamii ya steroidi, kama klobetasoli au betamethasoni, hiyo ni dawa hata ikiuzwa kando ya mafuta ya nywele, na hilo ni la TMDA. Dawa hizi zikipakwa ovyo huifanya ngozi kuwa nyembamba, na kwa mtoto mchanga huweza kupenya hadi ndani ya mwili. Sasa mama atajuaje kilichomo? Mara nyingi lebo haisemi ukweli, na anayeweza kusema ni maabara tu. Ina maana mzazi anatakiwa ajue majibu ya maabara kwanza ndipo ajue ofisi ya kwenda. Hapo ndipo watu wanapokata tamaa, wanaitupa tyubu jalalani, na duka linaendelea kuuza.

Upande wa chakula uzito ni uleule. Mwaka 2016 watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua na wengine wakafariki dunia kwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye mahindi na karanga. Dalili za kwanza za tatizo kama hilo hazionekani ghalani wala dukani. Zinaonekana kitandani hospitalini, ngozi na macho yakiwa ya manjano. Leo hospitali iko chini ya sekta ya afya, na msimamizi wa usalama wa chakula yuko chini ya wizara ya viwanda na biashara. Kama daktari na mkaguzi hawana njia ya haraka ya kupeana taarifa, siku zinazopotea kati yao ni siku ambazo familia nyingine inapika ugali uleule.

Wenzetu Uingereza walijifunza kwa machungu. Baada ya janga la ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, mwaka 2000 walianzisha chombo cha kusimamia usalama wa chakula nje ya wizara ya kilimo, kwa sababu wananchi waliona wizara hiyo inawalinda zaidi wazalishaji kuliko walaji. Sisemi nasi turudi tulikotoka. Nasema anayekabidhiwa usalama wa mlaji lazima aonekane yuko upande wa mlaji.

Mwishoni mwa 2023 Serikali ilitangaza kuunganisha baadhi ya mashirika ya umma na kufuta mengine, na safari hiyo bado inaendelea. Kwa hiyo kila taasisi inayogusa afya yako inapounganishwa, kugawanywa au kufutwa, dai mambo matatu. La kwanza, mlango mmoja: malalamiko ya chakula, dawa au kipodozi yapokelewe popote, zahanati au kwa afisa afya wa kata, na wenyewe ndani wapelekeane. Neno "hiyo siyo yetu" asiambiwe mgonjwa. La pili, hospitali na wakaguzi wawe na utaratibu wa kupeana taarifa siku hiyohiyo. La tatu, aliyelalamika arudishiwe jibu.

Wakati tunasubiri hayo, fanya hivi. Kitu kikikudhuru, usikitupe. Hifadhi chupa, pakiti au tyubu pamoja na risiti, na andika tarehe ya kununua na jina la duka. Mwoneshe mhudumu wa afya bidhaa yenyewe, maana itamsaidia kutibu, na mwombe ajaze fomu ya madhara ya dawa endapo ni dawa. Kisha ripoti. Chakula na vipodozi ni TBS, dawa na vifaa tiba ni TMDA, na zote zina ofisi za kanda. Kama huna hakika ni kipi, anza na yoyote kati ya hizo, na usikubali kuondoka kabla hawajaandika jina lako.

Jirani yangu alifanya hivyo. Ngozi ya mtoto imerudi. Jibu la ile tyubu bado analisubiri.