Chuo kimehamia kwenye simu, maneno yake yamebaki kwenye foleni

Siku hizi unaweza kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu bila kukanyaga lango la chuo. Kijana wa Malava anashinda dukani akiuza mbolea, saa tatu usiku ananunua bando na kufungua mhadhara kwenye simu. Msichana wa Khayega analaza mtoto kwanza, kisha anaandika insha ya mhadhiri ambaye hajawahi kumwona ana kwa ana. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichozinduliwa Agosti 2023, kinafundisha mtandaoni pekee, na vyuo vingine vingi vimeizoea kazi hiyo tangu corona ilipofunga madarasa Machi 2020.

Mpango huu naunga mkono kwa mikono miwili. Hapa Kakamega, chumba cha kupanga kule Lurambi au Kefinco, chakula na nauli vinaweza kumshinda mzazi hata kabla karo haijatajwa. Anayesomea nyumbani ameupunguza mzigo huo, na kazi yake ya mchana hajaiacha.

Lakini tumehamisha mihadhara tukasahau kuhamisha maana ya maneno ambayo chuo huendeshwa nayo. Kusahau huko kunawagharimu vijana pesa na miaka.

Mwanafunzi mpya anayefika Masinde Muliro kwa miguu yake naye hapewi kamusi, ila ana foleni. Akipanga laini nje ya ofisi ya fedha, aliye mbele yake ni wa mwaka wa tatu, na huyo atamwambia hata bila kuulizwa: "Wewe, umesajili yuniti? Usiposajili hutapata kadi ya mtihani." Jioni, hosteli inamalizia somo. Baada ya wiki mbili ameshajua kwamba "dini" si mambo ya kanisa wala msikiti, ni mkuu wa kitivo. Ameshajua kwamba makamu chansela ndiye bosi wa kila siku, ingawa jina lake linasikika kama la msaidizi.

Komredi wa simu hana foleni. Ana potali, yaani ukurasa wake binafsi kwenye tovuti ya chuo, na potali haimnong'onezi mtu.

Chukua neno usajili. Barua ya kujiunga na chuo inakupa nambari, na kuanzia hapo wewe ni mwanafunzi wa chuo hicho. Bado hujawa mwanafunzi wa somo lolote. Kila muhula lazima uingie kwenye potali, uchague yuniti zako na kuzisajili kabla ya tarehe ya mwisho. Mtu anaweza kulipa karo, akafuatilia kila mhadhara, akatuma kila kazi, na bado jina lake likose kwenye orodha ya mtihani kwa sababu hakubofya kitufe kimoja. Mtaani, kujiunga na kujisajili ni karibu kitu kimoja. Chuoni ni milango miwili, na ule wa pili hufungwa kila muhula.

Yuniti hiyo si ile ya tokeni za stima, ni somo moja la muhula. Krediti nayo si salio la simu, ni kipimo cha uzito wa somo, na bila kufikisha idadi inayotakiwa huhitimu hata ukiwa na alama nzuri namna gani. "Kati" ni jaribio linalofanywa muhula ukiendelea. Vyuo vingi vya umma huyapa majaribio na kazi za muhula alama 30, mtihani wa mwisho ukibeba 70. Anayepuuza kati kwa sababu imetumwa kama kiungo Ijumaa usiku anaanza mtihani akiwa ameshapoteza karibu theluthi.

Neno lingine ni zito zaidi kwa sababu linakuja wakati wa shida: kuahirisha masomo, au "kudifa" kama makomredi wanavyosema. Maisha yakibana, mama akilazwa au biashara ikianguka, wengi wetu hunyamaza. Unazima data, unajiambia utarudi mambo yakiwa fiti. Kwako wewe, umepumzika. Kwa chuo, umetoroka. Aliyeandika barua ya kuahirisha na kukubaliwa, nafasi yake inalindwa, akirudi anaendelea alipoachia. Aliyenyamaza huenda karo ikaendelea kuandikwa kwenye akaunti yake, yuniti alizosajili zikaonyesha hakufanya mtihani, na mwishowe jina lake likafutwa. Shida ilikuwa moja kwa wote wawili. Kilichowatenganisha ni barua ya ukurasa mmoja.

Mitihani nayo ina majina yake. Ukikosa mtihani kwa ugonjwa na una karatasi ya hospitali, unaomba mtihani maalum, "speshali", na alama utakazopata ni zako zote. Ukifanya ukafeli, unapewa "sapu", na katika vyuo vingi hata ukipata 80 kwenye sapu utaandikiwa 40, alama ya kupita tu. Ukianguka tena, unarudia somo zima, "riteki", na unalilipia. Sasa fikiria aliyelazwa hospitalini wiki ya mtihani na hajawahi kulisikia neno speshali. Hakuomba, kwa hivyo anajikuta amewekwa pamoja na waliofeli, na nakala yake ya matokeo itamsema hivyo kwa kila mwajiri.

Tukija kwa pesa, mambo ni yale yale. Chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, gharama ya mwanafunzi wa chuo cha umma aliyepangiwa nafasi na serikali iligawanywa mara tatu: ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB, na mchango wa familia. Vijana wengi huita pesa zote hizo "helb". HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, ni bodi ya mikopo. Mkopo una riba na utaudai mshahara wako wa kwanza, ufadhili haurudishwi. Tena mkopo huombwa upya kila mwaka. Aliyedhani ameomba mara moja kwa miaka yote minne hugundua mwaka wa pili ukianza, wakati karo inadaiwa.

Kuna watakaosema mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mzima, asome mwongozo, na kwamba lugha ya chuo ni Kiingereza, basi. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Mwongozo upo na ni wajibu wetu kuusoma. Lakini Kiingereza hakisaidii sana hapa. Aliyepata A ya Kiingereza kwenye KCSE bado hajui tofauti ya speshali na sapu, kwa sababu ndani ya maneno hayo mna kanuni, tarehe na malipo ambayo hayamo kwenye kamusi yoyote. Miongozo yenyewe mara nyingi imeandikwa kana kwamba msajili anamwandikia msajili mwenzake: kifungu kinakutuma kwa kifungu kingine, nacho kinakurudisha ulikotoka.

Kuhusu Kiswahili, Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Majirani zetu Tanzania, ambao Chuo Kikuu Huria chao kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, husema udahili, muhula, ndaki, stashahada na shahada ya uzamili bila kuona haya. Na hata kwao masomo mengi ya chuo kikuu hufundishwa kwa Kiingereza. Kueleza taratibu kwa lugha ambayo mtu anaielewa upesi hakujawahi kushusha kiwango cha shahada.

Ninachoomba si kikubwa. Kila chuo kinachofundisha mtandaoni kitume, pamoja na barua ya kujiunga, ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye maneno kama ishirini hivi. Kwa kila neno: maana yake, unachotakiwa kufanya, mwisho wa kufanya hivyo ni lini, na unampigia nani. Wanaosomea Kiswahili pale Masinde Muliro wangeweza kuuandika kwa wiki moja, wakisaidiwa na wa mwaka wa tatu waliokwisha kuumwa na kanuni hizo. Na hiyo nambari ya simu ipokelewe hata saa mbili usiku, kwa maana anayesomea mtandaoni mchana yuko kazini. Viongozi wa wanafunzi nao, kila msimu wa kampeni tunawasikia wakiahidi mambo ya hosteli na maji. Mwanafunzi asiyeishi hosteli anapiga kura pia, naye anahitaji mtu wa kumsemea.

Kabla ukurasa huo haujaja, komredi, jilinde. Usiishi kwa habari za kikundi cha WhatsApp, kwa sababu anayejibu huko huenda yuko chuo kingine chenye kanuni nyingine. Uliza kwa baruapepe, ili jibu libaki kwa maandishi. Kila ukituma kazi au kufanya kati, piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na uihifadhi. Alama kupotea ni ugonjwa wa zamani wa vyuo vyetu. Mwenzako wa kampasi anaweza kwenda kugonga mlango wa mhadhiri hadi zipatikane. Wewe utakuwa na ile picha tu. Shida ikikukuta, andika barua kabla ya kuzima data. Na neno usilolielewa usilipite, hata ukionekana mshamba. Wote waliokutangulia walikuwa washamba, ila wao waliulizia kwenye foleni ambako hakuna aliyewaona.

Kama muhula wako umeanza, usingoje kesho. Ingia kwenye potali usiku huu uangalie kama yuniti zako zimesajiliwa.