MPELEKE MTOTO NGOMANI

*Sehemu ya 1*

Mama zangu, na nyie akina baba mnaosoma kimyakimya bila kukomenti, nawaona. Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, nimeamka na hasira zangu. Leo siongelei chanjo wala kunyonyesha. Leo naongelea ngoma.

Wiki iliyopita niliweka picha ya mwanangu wa miaka sita, amekaa mabegani kwa mjomba wake, macho yamemtoka, anaangalia wacheza bugobogobo wanarusha majembe juu na kuyadaka. Picha nzuri tu. Komenti ya kwanza: "Nesi mzima unampeleka mtoto kwa mashetani?" Ya pili: "Dada umesoma, achana na ushamba." Wa tatu tunafanya naye kazi. Yeye hakukomenti. Alinisubiri kazini akaniuliza kwa upole kabisa kama nimekosa pa kumpeleka mtoto.

Huyo wa tatu ndiye aliyeniuma. Wale wawili walinitukana, huyu alinihurumia. Basi nawajibu wote watatu hapa hapa, kila mmoja na sehemu yake.

*Sehemu ya 2*

Kwanza tuelewane tunaongelea nini, maana humu kuna wadogo zangu wamezaliwa Bariadi mjini na hawajawahi kukanyaga uwanja wa ngoma.

Mimi ni Mgalu. Si kwa kuzaliwa, kwa kupenda. Bibi yangu wa Maswa alikuwa Mgalu, na kila msimu pamba ikishauzwa alikuwa ananishika mkono tunakwenda. Usukumani kuna pande mbili za ngoma, Wagika na Wagalu. Zilianza karne ya 19 kwa mafundi wawili waliokuwa wanashindana, Ngika na Gumha. Kila kundi likachukua upande, na hadi leo watu wanachukua upande. Wewe mwenye jezi ya Simba au Yanga, jua kwamba Yanga imeanza 1935 na Simba 1936. Ushindani wa huku kwetu ulikuwa tayari umeshazeeka.

Na mashindano yenyewe hayana refa wa kulalamikiwa. Makundi mawili yanapiga kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, huku Wagika, huku Wagalu. Wewe mtazamaji una miguu yako. Ukiona huku kumepoa unahamia kule. Mwisho wa siku aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Hebu fikiria, manju anaimba anaona watu wake wanamwacha mmoja mmoja wanavuka kwenda kwa mpinzani! Lazima atunge kitu. Atamtania mpinzani, ataimba bei ya pamba, ataimba mambo ya kijiji mpaka watu wacheke na kurudi.

Mchezo huu unachezwa vizazi na vizazi, na kila msimu una nyimbo mpya. Ndo ninachokipenda.

*Sehemu ya 3*

Sasa wewe wa ushamba, njoo tukae.

London kuna mchezo wa jukwaani wa nyimbo unaitwa Les Misérables. Ulianza kuonyeshwa kule 1985. Kuna watu wameuangalia mara nyingi mpaka wanajua kila mstari, wanapanda ndege kwenda kuuangalia tena, wanapeleka na watoto wao. Hakuna anayewaita washamba. Wanaitwa mashabiki.

Tuache hiyo. Mwanao anaangalia The Lion King kwenye simu yako kila akigoma kula, si ndiyo? Simba. Rafiki. Pumbaa. Maneno ya kwetu yamechukuliwa yakaenda Marekani, yakatengenezewa katuni 1994, na 1997 yakapandishwa jukwaani New York na nyimbo na ngoma na watu waliovaa sura za wanyama. Hadi leo watu wanalipa hela nyingi kuingia. Wewe unaishi mkoa unaopakana na Serengeti, simba mwenyewe ni jirani yako, halafu mtoto wako anamjua kupitia kioo cha simu.

Mi siichukii hiyo katuni, mwanangu naye anaipenda. Ninachouliza ni kimoja: kwa nini ngoma ikipigwa mbali ni utamaduni, ikipigwa Itilima ni ushamba? Nani alikufundisha hivyo? Na wewe unamfundisha nani?

*Sehemu ya 4*

Wewe wa mashetani, wewe nakuheshimu kidogo, maana umeuliza jambo la imani. Mimi pia naenda kanisani.

Sitawadanganya. Usukumani ngoma na dawa vimetembea pamoja tangu zamani. Manju anatafuta dawa ya kuvuta watu, na mpinzani wake anatafuta ya kwake. Yapo. Mimi siamini kwamba mzizi unaita watu, naamini sauti nzuri inaita watu. Lakini niambie ukweli: mpira wetu hauna "kamati za ufundi"? Timu haziruki ukuta zikakwepa mlango? Mbona Jumamosi uko mbele ya televisheni na jezi yako, na hujasema ni mashetani? Unaangalia mpira, unawaachia wenyewe mambo yao. Basi na ngoma iko hivyo hivyo.

Halafu nenda Bujora, pale Kisesa, Mwanza. Pale kuna makumbusho ya Wasukuma, na aliyeyaanzisha ni padri, Padri David Clement kutoka Canada. Miaka ya 1950 alikuja akaikuta ngoma, akaipeleka kanisani. Na sherehe kubwa ya ngoma ya Bulabo, ya mwezi wa sita, imetokana na sikukuu ya Ekaristi. Mzungu wa watu alitoka mbali akaona kuna kitu cha kutunza. Wewe mjukuu wa mwenye kitu unakiita shetani.

Na nawaomba, huku kwetu msirushe maneno ya uchawi ovyo. Kwenye mkoa huu na kanda hii bibi zetu wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho yaliyoungua kwa moshi wa jikoni miaka arobaini! Mtoto aliyezoea kusikia kwamba kila cha wazee ni uchawi, kesho atamwangaliaje bibi yake?

*Sehemu ya 5*

Sasa wewe uliyenihurumia. Ukisoma hapa utajijua, na sina ugomvi na wewe.

Wazazi wangu walikuwa walimu. Nyumbani kwetu ilikuwa Kiswahili tu, Kisukuma tuliambiwa kitatuharibia shule. Kisukuma nilichonacho nimekiokota uwanjani. Manju anatania, watu wote wanaangua kicheko, wewe peke yako umekaa kama gogo kwa sababu hujaelewa. Inauma! Unamvuta bibi kanga, "Bibi, kasema nini?" Anakueleza, unacheka mwisho peke yako. Msimu unaofuata unacheka na wenzako.

Kuna usiku mmoja wodini, nina mama mdogo kabisa, mtoto wa kwanza, katoka kijijini. Kichanga hanyonyi, kalegea. Kwenye faili imeandikwa mama hajampa mtoto dawa yoyote. Aliulizwa kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiswahili, "Hapana." Nikakaa kitandani kwake, nikamsalimia, "Mwadila mayu," nikaendelea kwa Kisukuma changu cha uwanjani. Sikumuuliza habari za dawa. Nilimuuliza, toka azaliwe, bibi wa nyumbani amemnywesha nini. Akaniangalia, akaanza kulia. Siku tatu mtoto alikuwa ananyweshwa maji ya mizizi. Kwake yeye ile haikuwa dawa. Dawa ni ya hospitali. Hakudanganya mtu.

Daktari aliitwa, matibabu yakabadilishwa kulingana na hilo. Mtoto aliondoka na mama yake mgongoni.

Neno lile la kumuuliza sikulipata chuoni. Diploma yangu naiheshimu, lakini hainifundishi namna ya kuongea na mama wa Meatu saa nane ya usiku. Nilifundishwa na manju na bibi yangu. Kwa hiyo dada yangu, hapana, sikukosa pa kumpeleka mtoto. Nilimpeleka nilikopelekwa.

*Sehemu ya 6, ya mwisho*

Najua mtasema nesi anatutuma vumbini. Ndiyo nawatuma, na masharti yangu haya:

Kichanga asikae karibu na ngoma kubwa wala spika. Kaa mahali ambapo unaweza kuongea na jirani yako bila kupiga kelele. Ukilazimika kupaza sauti, sogea nyuma.

Chini ya miezi sita ni maziwa yako tu. Hata tone la togwa au la pombe ya kienyeji hapana, hata akitoa shangazi.

Wacheza nyoka waangalie kwa mbali. Chatu hana sumu lakini anauma, na si kila nyoka pale ni chatu. Mtu akiumwa usimchanje, usimfunge kamba, usimnyonye. Mtulize, kiungo kisitikisike, mwahishe hospitali.

Mbebe mtoto maji safi, nawa mikono kabla ya kumlisha, na giza likiingia rudini nyumbani. Mbu hajui kama wewe ni Mgika au Mgalu. Na ukiona eneo limejaa walevi, ondoka. Kuwa shabiki si kuvumilia kila kitu.

Na mkikaa pale usimpe simu. Akikuuliza, "Mama, kasema nini?" mjibu. Kama na wewe hujui, muulizeni bibi aliye jirani, mpo wawili mnaojifunza. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kuwa na bibi hai nyumbani na mjukuu asiyeweza kuongea naye.

Msimu huu pamba ikishatoka mimi na mwanangu tutakuwepo, upande wa Wagalu, kwa nyuma kidogo, penye kivuli. Yule mwenzangu wa kazini nimeshamwalika. Amesema atafikiria. Wagika nao karibuni, mje muone watu wenu wanavyohama.

Mtumie mama mmoja mwenye mtoto mdogo. Kesho tunarudi kwenye chanjo.