Paa limeozea yadi, mbona dere ndiye analipa?

Wasee wangu, leo tuongelee paa. Sio hilo la mabati linalovuja juu ya kitanda chako, hilo lina siku yake. Naongelea paa la gari la watalii, lile linaloinuka ndio mgeni asimame apige simba picha kule Mara.

Najua kuna mtu ashaanza kusema, "Sasa hiyo inatuhusu nini sisi wa Kware?" Inatuhusu sana. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko hapo tu. Ukisikia mlango wa jirani ukifungwa polepole saa kumi alfajiri, huenda ni dere anaenda kupokea wageni. Wanaoosha hizo gari, wanaozichomelea, wanaoshona viti vyake, wengi tunaishi nao kwenye hizi ploti za Kware, Pipeline na Njenga. Gari likioza, kuna mtu hapa atakosa kodi. Mwaka jana mtu huyo alikuwa anko wangu.

Anko ni dereva wa watalii. Ana beji ya bronzi ya KPSGA, chama cha waongozaji safari. Alisoma, akafanya mtihani, akapita. Lakini kazi yake ni ya kuitwa. Kuanzia Julai, nyumbu wakiwa Mara, nyumbani tunamwona kama mgeni. Masika ikianza, wageni wanapungua, barabara za mbugani zinageuka matope, na bosi anasema, "Tutaitana." Mwaka jana aliambiwa hivyo mwanzo wa Aprili. Wiki nane zilizofuata alibeba mchanga mjengoni.

Kabla aende, gari liliegeshwa kwenye ploti ya wazi. Bosi alituma kijana na bango la nailoni lililotolewa kwenye bilbodi, la mwanasiasa wa kampeni zilizopita, uso mzima ukitabasamu. Wakalitandaza juu ya paa, wakapitisha kamba chini ya gari, wakakaza. Kazi imeisha. Anko aliomba kitu kimoja tu: aje mara moja kwa wiki, afungue, apanguse, gari lipate hewa. Akajibiwa, "Hatuna bajeti ya dereva gari ikiwa imesimama."

Shika hayo maneno. Tutayarudia.

Juni anko akaitwa, akanichukua nikamsaidie kuosha. Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, na ndoo na kitambaa ndivyo vilikuwa ofisi yangu. Tulipovuta lile bango, maji yaliyokuwa yametuama katikati yakatumwagikia miguuni, meusi, yananuka. Kufungua mlango, harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni wiki nzima. Ukungu kwenye viti. Kitambaa cha dari kimening'inia kama tumbo. Raba inayozunguka paa ilikuwa imepasuka kwenye kona mbili, na chini yake rangi imefura kwa kutu. Kila mahali kamba ilipopita pamekwaruzwa.

Bosi alikuja, akaangalia dakika mbili, akasema gari liko kwa jina la anko kwa hivyo uharibifu ni wa anko. Akamkata shilingi 18,000 kwenye malipo ya safari mbili za kwanza. Nikatoa simu nianze kurekodi. Anko akanishika mkono: "Futa hiyo, utanimalizia kazi." Nikafuta. Kuandika hajanikataza, bora nisitaje jina la mtu wala la kampuni. Sitataji.

Sasa tuelewane kuhusu hili paa, kwa sababu hapa ndipo uongo umejificha.

Gari linatoka kiwandani na paa zima. Ni fundi wetu wa bodi anayelikata, anaweka juu yake kifuniko cha chuma au cha faibagilasi, na vyuma vya kukiinua. Pale alipokata, ukingo wa chuma uko uchi. Kati ya huo ukingo na mvua ya Nairobi kuna rangi kidogo na raba. Raba ikilegea, maji yameingia. Hakuna ulinzi mwingine.

Gari likiwa safarini, paa hilo linafunguliwa na kufungwa kila siku. Vumbi linapanguswa, raba inaguswa kwa mkono, dere anasikia kama chuma kimoja kinakwama. Tatizo linaonekana likiwa dogo. Gari likiegeshwa, hayo yote yanakoma. Jua halikomi. Nairobi iko karibu na ikweta na juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, jua letu linakausha raba mpaka inakuwa ngumu na kupasuka. Majani na kinyesi cha ndege vinajaa kwenye kamfereji ka kupitisha maji, maji yanakosa njia, yanakaa hapo hapo kwenye raba. Kwa hivyo "gari imesimama" haimaanishi gari limepumzika. Kwa paa, huo ndio wakati mgumu zaidi wa mwaka.

Na turubai? Hapo ndipo wengi wanadanganyana. Nailoni iliyolala moja kwa moja juu ya paa haipumui. Unyevu wa ndani ya gari unapanda, usiku chuma kinapoa, unyevu unageuka matone upande wa ndani, asubuhi jua linachemsha kila kitu. Hiyo ni sufuria yenye kifuniko, na viti vyako ndivyo vinapikwa. Upepo nao ukipiga, nailoni inasugua vumbi dhidi ya rangi kama msasa. Na bango likilegea katikati, linashika maji kama beseni.

Nenda stejini umwangalie mama mboga. Mvua ikinyesha, anachukua mti na kuisukuma nailoni ya kibanda chake juu, maji yamwagike kabla hayajawa mazito. Na alipokijenga, alihakikisha upande mmoja uko chini kuliko mwingine. Hakusomea popote. Anajua maji yakikaa yatatafuta tundu. Sasa niambie, mtu mwenye gari la mamilioni anashindwaje na hesabu ya mama wa sukuma wiki?

Hata wazungu wenyewe wanajua. Kule Ujerumani na Kanada watu wana magari ya kulala ndani, wanasafiri nayo kiangazi na kuyaegesha miezi ya baridi. Adui wao ni theluji na barafu. Maji yakiganda yanapanuka karibu asilimia 9, kaufa kadogo kwenye paa kanakuwa ufa kamili. Kwa hivyo mwenye akili anapanguza paa, anakagua viungio kabla baridi ianze, analiweka chini ya banda au kulifunika kwa kitambaa kinachopitisha hewa, na anarudi kuangalia katikati ya msimu. Sisi hatuna theluji. Tuna masika na jua la ikweta. Dawa ni ile ile: paa safi, mteremko, hewa, na jicho la mtu.

Jicho la mtu. Hapo ndipo bosi anagoma, kwa sababu jicho linalipwa.

Wacha tupige hesabu yake yeye mwenyewe. Wiki 8, siku moja kila wiki, ni siku 8. Sema anampa anko shilingi 1,000 kwa siku, ambayo hata si pesa ya maana kwa dereva mwenye beji. Jumla 8,000. Uharibifu aliouandika yeye kwa mkono wake ni 18,000. Kwa hivyo alikataa kutumia 8,000, akapata hasara ya 18,000, halafu akamtumia mtu aliyejaribu kumwokolea hiyo pesa. Bajeti ya dereva ilikuwepo. Ilitoka tu kwa mfuko wa dereva.

Kuna watakaosema, "Biashara ni ngumu, hukumbuki korona?" Nakumbuka vizuri. Ndege za kimataifa zilisimamishwa Machi 25, 2020, zikarudi Agosti 1. Hizo gari zilikaa na hakuna mtu aliyejua zitatoka lini. Yule ambaye paa lake liliharibika mwaka huo, siwezi kumlaumu. Lakini masika si korona. Masika inakuja kila Machi na haijawahi kuficha tarehe. Na mwaka wa 2024 ilitufunza vibaya: Mukuru nyumba zilienda na maji, Mara mto Talek ukavunja kingo na kambi zikafurika. Baada ya mwaka kama huo, bado unaniambia bango la bilbodi linatosha?

Mwingine atasema madereva nao wana makosa. Kweli, wako. Kuna dere anayefunga paa kwa nguvu na mchanga bado uko kwenye raba. Kuna anayeona ufa na kunyamaza kwa sababu hataki kuulizwa. Kuna pia yule anayempelekea fundi yeyote, anapakwa ile silikoni inayonuka siki. Wasee, ile harufu ni asidi, na asidi na chuma kilicho uchi ni kutu tu. Ukiziba paa, uliza fundi silikoni yake inafaa chuma au la. Kosa la dere lichukuliwe kama kosa la dere. Lakini anko hakuwa na ufunguo. Soja wa ploti ndiye alikuwa nao. Mtu ataharibuje gari alilokatazwa kuligusa?

Na sheria haiko kimya hapa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika, ndiyo, lakini kiasi cha haki, na kama uharibifu umetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi, boss. Mvua kunyesha Aprili si makusudi ya mtu anayebeba mchanga mjengoni. Shida ni kwamba hakuna anayeenda kudai 18,000 akijua kesho hataitwa tena. Sheria iko kwenye karatasi, namba ya simu ya dere iko kwa bosi, na bosi anajua kipi kina nguvu zaidi.

Sichukii wenye magari. Wengine ni watu wetu, wamechukua mkopo wa gari moja na wanalala njaa Mei kama sisi. Hao hasa ndio nawaambia: ukilinda paa, umelinda mkopo wako. Miti minne, mabati yaliyoinama upande mmoja, nafasi ya hewa kati ya mabati na gari. Kama banda limekushinda, basi inua turubai lako kwenye fremu yenye mteremko, lisiguse paa. Kabla ya kuegesha, osha, kausha, kagua raba, zibua njia ya maji. Kila wiki mtu afungue milango na paa siku ya jua, apanguse, arudishe. Na huyo mtu umlipe.

Madereva, nyinyi nanyi siku ya kurudisha ufunguo msitoke mikono mitupu. Piga picha: paa kwa nje, kona zote nne za raba, dari kwa ndani, viti. Zitume kwa bosi hapo hapo, WhatsApp itaweka tarehe. Andika mstari mmoja: "Nimekabidhi gari leo, paa liko hivi." Ukiomba kuja kulikagua na ukakataliwa, omba kwa maandishi, ukataliwe kwa maandishi. Kumbuka anko aliomba kwa mdomo, na mdomo hauna ushahidi.

Wiki hii mawingu yameanza kukaa vibaya huku juu ya Kware, na gari la anko linaegeshwa Jumamosi. Bosi ni yule yule, ploti ni ile ile, na nasikia hata bango limehifadhiwa. Jana usiku anko aliniuliza simu yangu ina kamera nzuri kiasi gani. Nimemwambia Jumamosi naenda naye, na safari hii picha hazifutwi.

Kama unamjua dere anayerudisha ufunguo mwezi huu, mtumie hii kabla hajaondoka yadi. Na kama wewe ndiye mwenye gari, usinijibu kwa hasira. Panda ngazi, shika ile raba ya paa kwa vidole, halafu uje uniambie umekuta nini.