Niwekee Nakala Yangu

Hapa Malindi hakuna mtaa usio na mtu aliyeandika kitabu akajichapishia mwenyewe. Kama si mwalimu mstaafu wa Barani aliyekusanya ngano za Kigiriama, ni ustadhi wa Shela mwenye diwani ya mashairi, au ni binti wa Muyeye aliyetoka Chuo Kikuu cha Pwani na riwaya yake kwenye tarakilishi. Na kila akikutana na watu njiani husikia maneno yale yale: hongera sana, mwanangu, niwekee nakala yangu. Bei haiulizwi.

Sisi wenye vitabu twayameza haya kimya kimya. Anayeomba ni shemeji, ni mama mdogo, ni mzee aliyetufunza alifu kwa ujiti, na pwani hii mtu aliyekulea humtajii bei. Lakini mtu huyo huyo haendi dukani akaomba awekewe sukari, wala hapandi tuktuk akashuka bila kulipa. Kitabu ndicho kitu ambacho watu huamini hakikugharimu chochote, kwa kuwa walipokuwa wakipita kwenda shamba na kwenda baharini walituona tumekaa. Tulikuwa tumekaa tu.

Watu huuliza kwa nini hatupeleki miswada kwa wachapishaji wakubwa. Twapeleka. Wachapishaji wako Nairobi, na wanachotafuta ni kitabu cha shule, kwa sababu shule ndiyo mnunuzi. Tangu 2018 serikali hununua vitabu vya kiada yenyewe na kuvisambaza shuleni moja kwa moja, na kila kampuni hupigania kuingia kwenye orodha iliyoidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala. Kampuni iliyopata somo moja imepata riziki. Katika msukumano huo, riwaya ya mtu wa Ganze ataisoma nani? Mswada hukaa mezani, mvua za masika zikapita na za vuli zikapita, ukipiga simu waambiwa bado unasomwa, ukipiga tena waambiwa aliyekuwa akiusoma amehama kazi. Wapo wetu waliopita mlango huo, na twajivunia. Katama Mkangi, mwana wa Kilifi, alitoa Ukiwa mwaka 1975, Mafuta mwaka 1984 na Walenisi mwaka 1995. Profesa Rocha Chimerah ametoa Siri Sirini. Lakini ukiwahesabu wa namna hiyo katika kaunti nzima, kutoka Mtwapa hadi Marafa, hesabu haichukui muda.

Basi mtu huamua kujichapishia, na hapo ndipo hujua kuwa amejiajiri kazi tano kwa mpigo. Huwa mwandishi, mhariri, mpangaji wa kurasa, mchukuzi na mchuuzi. Namba ya ISBN ataitafuta kwa Huduma ya Maktaba ya Taifa, hakimiliki ataisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, nakala za kisheria atazipeleka kwa msajili wa vitabu. Hayo hatuyalalamikii. Yana maana yake, na siku hizi mengi hufanywa kwa simu.

Linalotuuma ni uhariri. Mhariri wa Kiswahili anayejua kazi yake ana bei, naye yuko mbali, kwa hiyo mswada hupewa mwalimu jirani, naye huusoma usiku baada ya kusahihisha madaftari ya watoto hamsini. Macho yake yamechoka. Husahihisha sura tatu za kwanza kwa kalamu nyekundu, sura zilizobaki huziamini. Kitabu kikitoka, jina la shujaa ni Kazungu ukurasa wa kumi na ni Katana ukurasa wa mia. Wasomaji husema vitabu vya kujichapishia vimejaa makosa, na tuseme kweli, hawatusingizii. Jalada linalong'aa hutoa machozi ya furaha siku ya kwanza, lakini mwenye pesa za kitu kimoja tu heri alipie mhariri, jalada liwe karatasi tupu yenye jina. Hili twaambiana kila mara, kisha kila mmoja wetu hulipia jalada.

Baada ya hapo ni mpiga chapa. Ukitaka nakala chache, kila moja huwa ghali. Ukitaka ziwe rahisi, agiza elfu, na hizo elfu uzitafutie pa kulala. Maboksi huingia chini ya kitanda. Hewa yetu ya chumvi huyaingia, kurasa hujikunja, ukungu hufuata, na mchwa wa nyumba za udongo husoma kitabu kizima kabla ya majirani. Ankara nayo haiji peke yake. Zamani vitabu havikutozwa kodi ya ongezeko la thamani; sheria ya mwaka 2013 ikaleta asilimia 16. Kazi ya shilingi 100,000 huja na 16,000 juu yake, na sisi wadogo tusiosajiliwa kwa kodi hiyo hatuna pa kuzidai zirudi. Ikifika tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, wakubwa husimama jukwaani wakatuhimiza tuandike kwa lugha yetu. Tarehe 8 ile asilimia 16 ipo pale pale.

Na njia ni ndefu. Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480, Mombasa hadi Malindi ni 120 nyingine, na kila kituo kina mtu wa kulipwa. Basi lina bei yake ya mzigo. Mchukuzi wa Mombasa ana yake. Makanga wa matatu ya Malindi hupima boksi kwa jicho, akataja nauli ya mtu mzima, na ukimwambia ni vitabu tu, husema vitabu ndivyo vizito. Mtu aandike Malindi habari za Malindi, kwa ajili ya watu wa Malindi, kisha kitabu kisafiri zaidi ya kilomita elfu moja kwenda na kurudi ndipo kimfikie jirani. Kimefika, jirani asema awekewe.

Dukani ni mali kauli. Mwenye duka si mtu mbaya, naye ana kilio chake: zamani shule zilinunua vitabu kwake, leo vyafika shuleni bila kupita kaunta yake, na yeye amebaki na madaftari, kalamu, sare na misahafu. Hukwambia lete kumi tuone. Kumi huwekwa nyuma ya vifaa vya jometri. Ukirudi Januari, shule zafunguliwa, hana nafasi ya kuzungumza. Ukirudi Februari, amekwenda Mombasa kuleta mali. Ukimkuta hatimaye, zimeuzwa tatu, mbili hazionekani, tano zimepauka kwa jua, na pesa za zile tatu alizinunulia unga. Huwezi kugombana naye. Mwezi wa nne utampelekea kumi nyingine, kwa sababu mwingine hayupo.

Shuleni nako jibu lajulikana. Mwalimu mkuu hukisifu kitabu, hukipigapiga kwa kiganja, husema watoto wangekipenda, kisha husema hakimo kwenye orodha. Kukiingiza kwenye orodha ni kukipeleka Nairobi kitathminiwe, na tathmini ina ada yake, na ada hairudi kitabu kikikataliwa.

Halafu kuna uzinduzi. Hili twalifanya kwa hiari yetu na hatuna wa kumlaumu: viti, mahema, kipaza sauti, pilau. Mheshimiwa hualikwa saa nne, hufika saa saba, hutangaza mbele ya watu kuwa ananunua nakala mia moja, makofi hupigwa, picha hupigwa. Baada ya hapo ni kumfuata msaidizi wake kwa simu. Msaidizi huuliza risiti, kisha huuliza barua, kisha hubadilisha namba. Mchele ulilipwa siku ile ile.

Na wizi. Ukimtumia rafiki faili ya PDF akusomee makosa, wiki ya pili hukurudia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na chini yake mtu ameandika Mola akubariki kwa kusambaza elimu. Kwenye saiba zilizo karibu na vyuo, kitabu cha kurasa 120 hutolewa fotokopi kizima, kikabanwa kwa pini, kikauzwa. Anayeuza si mwizi machoni pa watu, ni kijana anayejitafutia. Nasi twajitafutia.

Twanung'unika hivi huku tukijua kuwa hatukuanza sisi. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza kutoa Sahifa, gazeti la Kiswahili kwa hati za Kiarabu, kwa juhudi zake mwenyewe, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Shaaban Robert, pamoja na ukubwa wa jina lake, aliishia kuwa na shirika lake dogo la kuchapisha vitabu vyake huko Tanga. David Maillu alianzisha Comb Books miaka ya 1970, akatoa vitabu vidogo vya bei nafuu ambavyo wasomaji wa mjini walivigombania na wakubwa wakavichukia. Tanzania ikavipiga marufuku, na kampuni yenyewe haikumaliza muongo. Ben Mtobwa alikuwa na kampuni yake ya Heko Dar es Salaam. Hawa hawakungoja mlango ufunguliwe, na msomaji wao walimfuata alipo. Maillu aliandika habari za makarani na masekretari wa Nairobi, nao wakanunua kwa sababu walijiona mle ndani.

Na hapo ndipo sisi wa Malindi na Kilifi tuna mali ambayo wengi hawana. Nani mwingine ataandika habari za Takaungu mtaa kwa mtaa? Nani atachapisha methali za Kigiriama kwa Kigiriama chenyewe, pamoja na maelezo ya mzee aliyezitumia barazani kusuluhisha kesi za mashamba? Makaya, misitu mitakatifu ya Mijikenda, yameingia kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008, Mekatilili wa Menza, shujaa wa Wagiriama, ana sanamu hapa mjini, wageni hushuka na ndege wakitaka kusoma, na wanachokikuta kwenye maduka ya hoteli ni kitabu kikubwa cha picha kilichopigwa chapa ng'ambo. Kampuni ya Nairobi haitaingia hasara kwa kitabu cha wasomaji elfu mbili. Kwetu sisi wasomaji elfu mbili ni wengi mno. Wazee wanaojua mambo haya wanaondoka kila mwaka, na anayeandika maneno yao leo kwenye daftari la shilingi thelathini anafanya kazi ambayo hakuna tume itakayokuja kuifanya baadaye.

Hesabu nayo haitukatazi. Chukua kitabu cha shilingi 500. Mchapishaji mkubwa akikupa mirabaha ya asilimia 10, wapata 50 kwa nakala, na pengine utaisubiri mwaka. Ukijichapishia kwa 250 ukauza kwa mkono wako, wabaki na 250 kabla ya nauli. Nakala 100 ulizouza mwenyewe zakuletea 25,000, sawa na nakala 500 zilizouzwa na kampuni. Mashine za kidijitali sasa hupiga hata nakala hamsini, kwa hiyo maboksi si lazima yalale chini ya kitanda. Pesa huingia kwa M-Pesa papo hapo. Ukiweka jalada kwenye simu asubuhi, jioni ataandika mtu wa Mariakani, ataandika Mswahili wa Muscat, ataandika dada aliyeolewa Jeddah akitaka kusikia harufu ya kwao. Nairobi kuna duka la Nuria lililojijengea jina kwa kuwauzia waandishi wa namna yetu. Na wanaonunua bila kuuliza maswali ni wale wasiotujua: abiria kwenye foleni ya matatu, muuguzi wa zamu ya usiku, fundi wa jahazi aliyesikia kuwa babu yake ametajwa. Huyo hununua mbili.

Kwa hiyo tutaendelea. Lakini liko jambo moja ambalo kwalo hatuombi hisani. Katiba ya 2010 iliziweka maktaba mikononi mwa kaunti, na kaunti yetu ina bajeti, ina maofisa wa utamaduni, ina hotuba kila tamasha. Kila mara ofisa husema angependa kazi zetu ziwe maktabani ili vijana wazisome, kisha huuliza kama tunaweza kuzitoa kama mchango. Kiti alichokalia kililipiwa. Rafu zenyewe zililipiwa. Sisi twataka nakala mbili kwa kila maktaba, na zilipiwe.