Kifafa ni hitilafu ya umeme, si mapepo

Msomaji, ukimwona mtu ameanguka sokoni, povu likimtoka, usikimbie ukidai amepagawa. Kilichotokea ni hitilafu ya umeme ubongoni mwake.

Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86, nazo huwasiliana kwa mipigo midogo ya umeme. Lakini hazipigi kwa namna moja. Zile zenye umbo la piramidi, ambazo ndizo nyingi kwenye gamba la ubongo, huchochea nyingine, na zikichochewa mfululizo hupunguza kasi. Kuna nyingine, chache, ambazo huweza kupiga zaidi ya mara 200 kwa sekunde bila kulegea. Hizo ndizo breki: hutoa kemikali iitwayo GABA, ambayo hutuliza jirani zake. Breki zikizidiwa, seli chungu nzima hupiga kwa pamoja na mwili ukatetemeka.

Fenobabitoni, dawa ya bei nafuu iliyotumika dhidi ya kifafa tangu 1912, huzipa nguvu breki hizo. Basi kwa nini mtoto azungushwe kwa waganga mpaka aangukie jikoni na kuungua? Wengine huacha vidonge ghafla wakiona nafuu, ugonjwa ukarudi kwa ukali. Serikali nayo isijitie hamnazo: zahanati ikiishiwa na vidonge, mgonjwa huyo ameachishwa dawa ghafla vilevile.

Mtu akianguka mbele yako, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, kisha tazama saa. Dakika tano zikipita angali anatetemeka, mkimbize hospitali.